Takwimu zinaanzia kwenye mizani: mwongozo kwa stajieri anayeanza kupima watoto Goma

Kila mwaka nawapokea stajieri wapya, wanafunzi wa afya wanaokuja kujifunza kazi kituoni, asubuhi ya CPS, siku ya kupima watoto, na kila mwaka naona jambo lilelile. Wamefaulu mtihani wa biostatistiki. Wanaandika fomula ya ekarti-tipe, kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka katikati, bila kufungua daftari. Lakini mweke mmoja wao mbele ya fishi, kadi ya ukuaji, ya mtoto wa miezi tisa, aone ile mistari iliyopinda juu ya karatasi, na hatambui kwamba mistari hiyo ni ekarti-tipe ileile aliyoitolea jasho darasani. Takwimu, afya ya jamii na ukuaji wa mtoto vinafundishwa na walimu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, na hakuna anayemwambia mwanafunzi kwamba masomo hayo yote hukutana juu ya mizani moja.

Basi hii nimekuandikia wewe unayeanza staji, iwe mtaa wa Himbi, Ndosho, Majengo au Keshero. Fuata hatua kwa mpangilio wake, maana kosa la hatua ya kwanza halifutwi na hesabu nzuri ya hatua ya sita.

Hatua ya 1: Tafuta umri wa kweli

Kabla hujagusa mizani, pata tarehe ya kuzaliwa. Ukiuliza "ana miezi mingapi?", mama atakujibu "karibu mwaka", na hiyo "karibu" inaweza kuwa miezi kumi au kumi na minne. Omba fishi. Fishi ikiwa imepotea, na katika mji ambao watu wamehama na kurudi mara nyingi hivi fishi zinapotea sana, tumia kalenda ya matukio. Kwa mtoto mkubwa kidogo, hakuna mtu wa Goma asiyekumbuka alikuwa wapi usiku wa 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka. Kwa aliye mdogo, uliza juu ya mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini: mtoto alikuwa bado tumboni, au ulikimbia naye mgongoni? Alikuwa ameshaanza kukaa? Kisha sogea karibu zaidi kwa Noeli, Pasaka, Idi, masomo kufunguliwa Septemba. Uliza kwa upole. Kwa baadhi ya akina mama, tarehe unayoitafuta ni siku waliyopoteza mtu.

Unajisumbua hivyo kwa sababu mtoto wa kiume mwenye kilo 7.5, akiwa na miezi 10, yuko juu kidogo ya mstari wa hatari, ule wa -2 utakaoukuta Hatua ya 3. Kilo hizohizo akiwa na miezi 12, ameshashuka chini yake. Miezi miwili ya kubahatisha inageuza utambuzi mzima.

Mtoto njiti ana hesabu yake. Aliyezaliwa wiki ya 32 ya mimba amewahi kwa wiki 8 kabla ya zile 40, basi unapotazama ukuaji wake ondoa wiki 8 hizo kwenye umri, na uendelee kuziondoa mpaka afike miaka miwili. Akiwa na miezi sita ya kalenda, usimdai yale ya miezi sita. Mdai ya miezi minne. Chanjo, hata hivyo, haifuati umri huo uliosahihishwa. Penta ya kwanza, chanjo ya magonjwa matano, ni wiki ya 6 tangu siku aliyozaliwa, njiti au si njiti. Nimeona watoto wakirudishwa nyumbani kwa kuchanganya hesabu hizi mbili, na hao ndio hasa wanaohitaji kinga mapema.

Hatua ya 2: Pima kana kwamba hakuna atakayerudia

Mizani ya kuning'inia isome sifuri ikiwa na suruali yake ya kumbebea mtoto, kabla mtoto hajaingia. Mvue nguo. Asubuhi za Goma ni baridi na mama atasita kumvua, kwa hiyo mwite mtoto wakati wake umefika, usimwache uchi kwenye foleni. Subiri mshale utulie, soma macho yako yakiwa sawa na mshale, sema namba kwa sauti, mwenzako aiandike palepale.

Urefu wa aliye chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelala. Ikitokea umempima amesimama, ongeza sentimita 0.7. Hapa wawili mnahitajika, mmoja ashike kichwa na mwingine magoti. Peke yako utapata namba, lakini haitakuwa urefu wa mtoto.

Hapa pana somo kubwa la takwimu. Mtoto akitikisika, ukasoma 7.2 mara moja na 7.4 mara nyingine, hilo ni kosa la bahati: likirudiwa mara nyingi linajisawazisha lenyewe. Mizani iliyoharibika inayozidisha gramu 300 kwa kila mtoto ni kosa la upande mmoja. Hilo halijisawazishi hata ukipima watoto elfu kumi; watoto wote wa eneo wataonekana wamenenepa. Wingi wa data hautibu mizani mbovu. Chukua kitu ambacho uzito wake unaujua, kipime kila asubuhi kabla ya mtoto wa kwanza.

Hatua ya 3: Elewa alama Z, usiikariri

Chukua watoto 101 wazima wa umri mmoja na jinsia moja, wapange kuanzia mwepesi hadi mzito. Yule wa 51 ndiye mediani, mstari wa katikati kwenye fishi. Tunampenda mediani kwa sababu hayumbishwi na mmoja wa ajabu. Watoto wachanga watano wakilazwa siku 1, 1, 2, 2 na 24, wastani wao ni siku 6, ingawa hakuna hata mmoja aliyelala siku zinazokaribia 6. Mediani ni siku 2, na inasema ukweli zaidi.

Alama Z inauliza: mtoto huyu yuko mbali kiasi gani na katikati, ukipima kwa hatua za mkengeuko sanifu, yaani hiyo ekarti-tipe yenu? Sifuri ni katikati. Chini ya -2 ni tatizo, chini ya -3 ni tatizo kali. Viwango tunavyotumia ni vya Shirika la Afya Duniani, vilivyotolewa mwaka 2006 kutokana na watoto wa nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Utasikia mtu akisema viwango hivyo ni vya watoto wa kizungu. Si kweli, na usiache maneno hayo yapite. Utafiti ule ulionyesha kwamba mtoto akinyonyeshwa, akichanjwa, akikaa mahali safi, anakua karibu sawa iwe Accra au Oslo. Wetu wanapodumaa, si damu yao.

Jaribu sasa. Una mtoto wa miezi 9 mwenye kilo 7.0. Kama ni wa kiume, mstari wa -2 uko kwenye 7.1, hivyo ana uzito pungufu. Kama ni wa kike, mstari huo uko kwenye 6.5, hivyo yuko ndani ya kawaida. Hakikisha jinsia kabla hujachukua karatasi.

Tazama pia wa kiume wa miezi 6: katikati ni 7.9, -2 ni 6.4, +2 ni 9.8. Kushuka ni kilo 1.5, kupanda ni 1.9. Kengele, yaani umbo la mchoro ukipanga watoto wengi kwa uzito wao, haikulingana pande mbili, imeinamia upande wa wazito. Ndiyo maana hatukokotoi alama Z ya uzito kwa fomula ya darasani. Tunasoma jedwali, ambalo limeshazingatia mwinamo huo.

Kuna vipimo vitatu na kila kimoja kinasimulia kisa chake. Uzito kwa umri ni onyo la jumla. Uzito kwa urefu unaonyesha ukondefu, njaa au ugonjwa wa majuzi. Urefu kwa umri unaonyesha udumavu, historia ndefu inayoanzia tumboni. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulikuta asilimia 43 ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Sasa weka namba hiyo kando ya kengele: kati ya watoto wazima, walio chini ya -2 ni kama 23 tu katika kila 1,000. Hao 23 wapo kila mahali, ni wafupi kwa asili. Uchunguzi ule ulihesabu 430.

Na bwaki, utapiamlo wa kuvimba? Bwaki hudanganya mizani. Maji ya uvimbe yana uzito, kwa hiyo mtoto mwenye utapiamlo mkali anaweza kukaa vizuri kabisa juu ya mstari. Bonyeza kwa kidole gumba sehemu ya juu ya miguu yote miwili kwa sekunde tatu, uone kama shimo linabaki. Likibaki miguu yote miwili, ni utapiamlo mkali hata namba zikisema nini. Kwa mwenye miezi 6 hadi 59 zungushia na utepe wa MUAC, wa kupima unene wa mkono, katikati ya mkono wa juu wa kushoto: chini ya milimita 115 ni mkali, 115 hadi chini ya 125 ni wa wastani.

Hatua ya 4: Soma mstari, usisome nukta

Kama utasahau yote, hili libaki. Nukta moja inakuambia mtoto yuko wapi leo. Nukta tatu zinakuambia anaelekea wapi.

Nimewaona mara nyingi watoto wawili wa aina hii kwenye benchi moja. Wa kwanza amezaliwa mdogo, yuko karibu na -2 tangu mwezi wa kwanza, na kila mwezi anapanda sambamba na mstari wake. Wa pili alikuwa juu ya mediani akiwa na miezi mitatu, leo ana miezi saba na yuko kwenye -1. Stajieri huandika "chini, afuatiliwe" kwa wa kwanza na "kawaida" kwa wa pili. Ni wa pili anayenitia hofu. Amekatisha mistari kuelekea chini. Kitu kimetokea nyumbani. Mara nyingi mama ana mimba tena, au amerudi sokoni na mtoto anaachiwa dada yake na uji mwepesi wa mahindi usio na soya, karanga wala sambaza, dagaa wa ziwani, iliyosagwa.

Mchanga wa siku chache ana ruhusa ya kushuka: hupoteza mpaka asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa, akaurudisha ndani ya wiki mbili. Kisha, kwa makadirio ya haraka, uzito wa kuzaliwa huwa mara mbili kwenye mwezi wa tano na mara tatu akitimiza mwaka.

Hatua ya 5: Uliza mtoto anajua nini, kwa maneno ya mama

Ukuaji si kilo tu. Na hapa nina deni ambalo bado nalibeba. Nikiwa stajieri nilimwambia mama mmoja kwamba binti yake wa miezi kumi amechelewa kwa kuwa hatambai. Mama alilia, akaenda naye kwa mtu wa dawa za kienyeji, mtoto akanyweshwa vitu vilivyomharisha siku nne. Miezi michache baadaye binti aliingia kituoni akitembea kwa miguu yake. Hakuwahi kutambaa. Sikujua kwamba katika utafiti uleule wa Shirika la Afya Duniani, watoto wapatao 4 katika kila 100, wote wazima, waliruka kutambaa kwa mikono na magoti. Na hapa kwetu mtoto anakaa mgongoni ndani ya kitenge, au mikononi, kwa sababu sakafu ni baridi na kiwanja ni mawe ya volkano. Atambae wapi?

Kwa hiyo jifunze madirisha, si tarehe. Dirisha ni muda kati ya mtoto wa kwanza na wa 99 katika kila 100. Kukaa bila kuegemezwa: miezi 3.8 hadi 9.2. Kusimama dede akishikilia kitu: 4.8 hadi 11.4. Kusimama peke yake: 6.9 hadi 16.9. Kutembea peke yake: 8.2 hadi 17.6. Angalia upana wa hilo la mwisho, zaidi ya miezi tisa. Jirani akimwambia mama "wangu alitembea na miezi tisa", wote wawili wana watoto wazima.

Yanayostahili daktari leo ni haya: hajatabasamu akitabasamiwa na ana miezi mitatu, shingo bado legevu kwenye mwezi wa tano, hakai kwenye mwezi wa tisa na siku zake kadhaa, hatembei kwenye mwezi wa 18, anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, na zaidi ya yote, amepoteza alichokijua. Mtoto aliyekuwa akikaa na sasa hakai hasubiri miadi ya mwezi ujao.

Usiulize "je, anakaa?" Mama anajua jibu unalotaka na atakupa hilo. Sema: "Mama, siku hizi mtoto anajua kufanya nini kipya?" kisha nyamaza. Maneno ya kwanza yahesabu katika lugha zote za nyumbani. Akisema neno moja la Kiswahili, moja la Kinande na moja la Kinyarwanda, ana maneno matatu.

Hatua ya 6: Kabla ya kugawa, uliza "kati ya nani?"

Umemaliza asubuhi: watoto 80, wenye uzito pungufu 12. Mkuu wa kituo, yule IT, anataka ripoti. Ni asilimia 15. Lakini 15 ya nini? Ya watoto walioletwa. Waliolala na homa nyumbani hawamo, wala wa mama aliyekwenda kubeba mizigo mtaani Birere. Usiandike "asilimia 15 ya watoto wa mtaa".

Ukanda wa uhakika, yaani kutoka wapi hadi wapi ukweli unaweza kuwa, nao uandike. Kwa 12 kati ya 80, ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 7 na 23. Ungekuwa na 120 kati ya 800, asilimia ni ileile 15 lakini ukanda unabana kuwa 12.5 hadi 17.5. Mtu akikuambia "tumepunguza kutoka 15 hadi 11" kwa watoto 80, mwulize ukanda kabla ya kupiga makofi.

Mji huu umeshaifundisha dunia nzima somo la namba ya chini, ile unayogawanyia. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache tu, kipindupindu kikawaka, na ndani ya mwezi mmoja walikufa watu karibu 50,000. Miili ilihesabika. Walio hai hawakuhesabika: wengine walisema 500,000, wengine 800,000. Gawa mwenyewe. Vifo kama 1,667 kwa siku, juu ya 800,000, ni 21 kwa kila watu 10,000 kwa siku. Juu ya 500,000 ni 33. Vifo vilevile, makaburi yaleyale, viwango viwili. Kumbuka kwamba kiwango cha 1 kwa 10,000 kwa siku tayari tunakiita dharura.

Leo tatizo hilo halijatuacha. Sensa ya mwisho ya Kongo ni ya 1984. Idadi ya watu wa maeneo ya afya ya Goma na Karisimbi ni makadirio juu ya makadirio, na watu wanahama. Ndiyo maana utakuta chanjo imefikia asilimia 130: hakuna aliyechanjwa zaidi ya wote, namba ya chini ndiyo ndogo mno. Ukikutana na hilo, kimbilia hesabu isiyohitaji idadi ya watu. Waliopata Penta ya kwanza ni 240, ya tatu 198. Walioacha njiani ni 42 kati ya 240, asilimia 17.5. Ikizidi 10 kuna tatizo, na orodha ya majina unayo mkononi. Wape ma-RECO, wahudumu wa afya wa jamii, waanze kutafuta nyumba kwa nyumba.

Vifo vya watoto navyo vina namba yake ya chini: wanaozaliwa hai, kwa kila 1,000. Kifo cha kichanga ni kabla ya siku 28, kifo cha mtoto mchanga ni kabla ya mwaka mmoja, na cha pili kinajumuisha cha kwanza. Mfano wa kujipima: waliozaliwa hai 1,250, waliokufa kabla ya siku 28 ni 30, baadaye hadi mwaka ni 25. Jibu ni 24 na 44. Ukipata 20 kwenye la pili, umesahau kujumlisha.

Usichanganye pia ensidansi na prevalansi. Ya kwanza ni visa vipya katika muda fulani, ya pili ni walio nao sasa, wapya na wa zamani. Matibabu yakiokoa watoto bila kuwaponya upesi, prevalansi hupanda, na hiyo ni habari njema inayoonekana mbaya.

Hatua ya 7: Kipimo chema hudanganya mahali pasipo na ugonjwa

Tuseme una orodha ya maswali ya kubaini kuchelewa kukua. Inanasa 80 kati ya 100 waliochelewa kweli, na inawaachia 90 kati ya 100 walio wazima. Katika watoto 1,000, waliochelewa wakiwa 50, utanasa 40. Wazima ni 950, na 95 kati yao utawashtua bure. Umeita watu 135, wenye tatizo ni 40: chini ya theluthi. Peleka orodha hiyohiyo kwenye wodi ya waliozaliwa njiti, ambako tuseme 200 kati ya 1,000 wamechelewa. Unanasa 160, unashtua bure 80, sasa wawili kati ya watatu ni kweli. Karatasi haikubadilika, waliokaa kwenye benchi ndio wamebadilika. Chora jedwali la visanduku vinne kila mara, hata kama unadhani umelishika kichwani.

Hatua ya 8: Rudisha namba kwa mama

Stajieri wengi humaliza kwa kuandika kwenye rejista na kuita "anayefuata". Mama ameamka saa kumi na moja, ametembea, amesimama foleni, na anaondoka na karatasi asiyoielewa. Mgeuzie fishi. Mwekee kidole kwenye nukta ya mwezi uliopita, kisha ya leo. "Mama, mwezi uliopita alikuwa hapa. Leo yuko hapa. Njia yake ilitakiwa kupita huku." Akina mama wanaelewa mstari upesi kuliko unavyodhani, wengi wanauza sokoni na wanajua mali inayoshuka inafananaje. Kisha muulize ni nini kimebadilika nyumbani, sikiliza mpaka mwisho, mpe jambo moja tu la kufanya wiki hii, na uandike tarehe ya kurudi kwa herufi kubwa juu ya fishi, huku ukimsomea kwa sauti.